Betri Iliyoanikwa Juu ya Bati

Saa moja asubuhi, Mashimba Ndalahwa yuko juu ya ngazi kwenye baraza la nyumba moja Ilemela, Mwanza, anafungua kiboksi cheupe kwa bisibisi. Ndani mna betri moja ndogo. Chini amesimama mwenye nyumba, Moza Mbaruku, muuza vitenge, mikono kiunoni.

"Leo nikikuta imekufa, Mzee Mashimba, ung'oe vyote," anasema. "Namrudisha mlinzi wangu."

Viboksi hivyo huhisi mtu akipita, vikakipasha habari king'ora kilicho ndani, bila waya. Vimeingia Mwanza miaka hii ya biashara huria, pamoja na sabuni za kila rangi. Betri inatakiwa ikae mwaka. Kwa Moza haikuwahi kumaliza miezi miwili.

Nyumba nyingine kumi ziliviweka kwa kumwiga Moza, na aking'oa yeye nazo zitang'oa. Hapo Mashimba, fundi wa viboksi hivyo, mwenye miaka 54, hatakuwa na kazi. Alishapunguzwa mara moja, mwaka 1993, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba alichokitumikia miaka kumi na tisa.

"Nimechoka kuanza upya," anasema, wala hatafuti maneno mazuri zaidi.

Mashimba alishamgundua mwizi wa betri: wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi. Taa ya baraza iliwavuta, wakatambaa juu ya kiboksi, nacho kikatuma habari usiku kucha. Moza, kwa kuchoshwa na kelele, alikuwa akizima king'ora. Kiboksi kikaendelea kutuma bila msikilizaji.

Mashimba aliihamishia taa getini na kutia betri mpya kwenye kiboksi; wadudu wakaifuata taa. Leo ni miezi mitatu.

Kipimo kinasoma volti nane na nusu, kati ya tisa za betri mpya. Moza anaguna, anaingia ndani.

Ndipo Modesta, mpishi wa nyumba hii, mama mtu mzima, anaposogea kwenye ngazi. "Nisamehe, kaka. Jana mchana niliitoa nikaianika juu ya bati. Nilikuonea huruma."

Nani hapa Mwanza hajaanika betri za redio? Jua huzipa nguvu kidogo, ya kudanganya, kisha zinalala. Mashimba anashuka na kukaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Mimi, niliyefuatana naye kuandika habari zake, ningefunga mfuko wangu nikaondoka kimya. Yeye anamwita Moza na kumweleza yote.

"Sasa nitajuaje kama ni nguvu yake au ya jua?" anauliza Moza.

"Niache nitembee."

Anatembea mbele ya kiboksi, huku na huku, mara mia moja kwa hesabu yake. King'ora kinalia, majirani wanachungulia, jasho linamtoka. Kisha anapanda ngazi na kupima. Volti nane na nusu, vilevile.

"Ingekuwa inaishi kwa jua tu, ingeshazirai," anasema, akihema.

"Basi viache," anasema Moza. "Lakini kelele hiyo usiirudie."

Jioni namkuta nyumbani kwake. Juu ya bati la jiko kuna betri nne za redio, zimeanikwa. Anaona ninavyozitazama, naye hajitetei.

"Za watu ndizo zinazokaa," anasema. "Hizi zinanipa nusu ya taarifa ya habari, halafu kimya. Nikiwa bado na kazi mwezi ujao, nitanunua mpya. Nataka siku moja nimsikie mtangazaji mpaka anapoaga."