Magoti ya Mama Martina

Mbuke, au mama Martina kama wanavyomwita, anauza mchele soko la Nyasubi, na mdomo wake haukosi jibu. Lakini mbele ya baba mkwe wake, mzee Ngassa wa Kharumwa, mdomo huo ulikuwa unafungwa kabisa. Mkwe ni mkwe. Huwezi kukaa ukamsimulia habari za kiuno chako. Basi kila mzee alipokuja Kahama kuwatembelea, Mbuke alimwamkia amesimama wima, maana mgongo ulimuuma, akipiga magoti hainuki, na mzee aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeuma ndimu. Mke wa mwanawe hampigii magoti! Kule Kharumwa ilikwishasemwa kwamba biashara imempa kiburi.

"Mwambie baba yako kwamba naumwa," Mbuke alimsihi mumewe, Enock.

"Nitamwambia," Enock alijibu, na huo ulikuwa mwaka wa pili anajibu hivyo. Mwanamume mzima, anaona haya!

Maneno ya kiburi yalimuuma Mbuke kuliko mgongo wenyewe. Mgongo alijua ulikoanzia: magunia ya mchele. Wenzake sokoni walibisha, wakasema ni ile sindano aliyochomwa mgongoni alipojifungua Martina kwa upasuaji. Kwa hiyo waliposikia kwamba daktari bingwa wa Shinyanga mjini atamtibu kwa kumchoma sindano palepale mgongoni, walishika vichwa.

"Utarudi kwa machela!"

"Basi nitasalimia nimelala," akawajibu, akaenda.

Hospitalini alilala kifudifudi, akafumba macho, akawaita watakatifu wote aliowakumbuka. Daktari Deogratias alimpiga ganzi kwanza, kisha, huku akiangalia picha kwenye mashine, akapeleka sindano taratibu hadi karibu na mshipa wa fahamu uliobanwa. Mbuke alihisi kitu kizito kinashuka mpaka kisiginoni. Halafu maumivu yakazimika.

"Usijidanganye," daktari alimwambia. "Hii ni ganzi. Ikiisha, maumivu yatarudi, na dawa yenyewe itachukua siku kadhaa kufanya kazi. Leo usiiname, usibebe kitu."

Mbuke aliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Moyoni alikuwa amekwishapona.

Kufika nyumbani, nani amekaa barazani? Mzee Ngassa! Enock, aliyemsindikiza, alikuwa amebaki duka la dawa. Mbuke hakungoja mtu. Alivuka uwanja, akapiga magoti yote mawili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba!"

Mzee alishtuka mpaka kofia ikamdondoka. "Marahaba, mayu! Marahaba, mama yangu!" Akauliza habari za watoto, za sokoni, za mvua, salamu za miaka miwili akazimaliza siku hiyo. Mbuke akajibu zote, kisha akataka kuinuka.

Miguu ikagoma. Ganzi ilikuwa bado imeilegeza: kutembea ilikubali, kuinuka ikakataa. Alijaribu hivi, akajaribu vile, yuko palepale. Mzee alinyoosha mkono, akaurudisha haraka, maana mkwe hashikwi. Akamwita Enock, Enock hayupo. Aibu ikamtoa Mbuke machozi, na kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia, akasema yote: magunia, mgongo, sindano, na kule kusalimia wima.

Mzee Ngassa akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya safari, mbali kidogo kama adabu inavyotaka.

"Nimekusema vibaya, mayu," alisema. "Nimekusema mpaka kanisani. Siinuki hapa mpaka uinuke wewe."

Enock aliporudi aliwakuta wote wawili wako chini wanacheka. Mzee alipomwona akaacha kucheka. "Miaka miwili, Enock! Miaka miwili ulikuwa unangoja nini?"

Ganzi ilipoisha maumivu yalirudi kama daktari alivyosema, na Mbuke akalia akidhani amechomwa bure. Juma lililofuata yakaanza kupungua. Hayajaisha yote, na gunia habebi tena, lakini analala usingizi.

Mzee alipokuja tena, alipaza sauti tangu getini: "Simama hivyohivyo, mama Martina! Usijisumbue!"

Mbuke alipiga magoti. Akasema shikamoo, akainuka mwenyewe, polepole, bila kushika ukuta. Ndipo mzee Ngassa, aliyekuwa amebana pumzi muda wote huo, akakumbuka kuitikia.