Rimu nyeupe ya gari la mashindano ilivyokaribia kunifanya mjane, Élisabethville

Wakuu, habari zenu.

Naona humu mnabishana kama rimu za chuma za magari ya zamani ya mashindano ni za kuaminika. Mimi si fundi. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Ilikuwa mjini Élisabethville, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa sina muda mrefu kwenye ndoa. Mume wangu Kasongo alikuwa fundi gareji kwa Mgiriki mmoja. Bosi huyo alikuwa na gari la mashindano, kuukuu hata kwa wakati ule. Jumapili moja alikuwa ashindane, na Kasongo akae kando yake, aegemee upande kwenye kona ili gari lisipinduke.

Bosi alitaka gari lipendeze. Rimu zikapakwa rangi nyeupe, tabaka juu ya tabaka.

Jumamosi Kasongo akalileta nyumbani tulioshe. Baba mkwe akaja na nyundo yake. Kazi yake kwenye reli ilikuwa kugonga magurudumu ya treni na kusikiliza: likilia kama kengele ni zima, likiwa bubu lina ufa. Familia nzima tulijivunia sikio lile. Akagonga rimu zote, akasema ziko nzuri.

Hapo ndipo tulipochemsha, wakuu. Gurudumu la treni ni chuma kitupu. Hizi zilivaa tairi, na mpira unameza sauti. Zote zililia bubu, na kwa kuwa zilifanana, mzee akaona zote ni nzima.

Nikaosha. Maji yalipokauka nikaona mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, kutoka tundu la bolti moja hadi jingine. Nimesugua mabeseni ya enameli tangu utoto, kutu haitoki mahali pazima.

Nikamwambia Kasongo. Akacheka: “Baba alisha kuipima. Iko muzuri.”

Shida ni kwamba kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe moja kwa moja. Neno linapita kwa mume, na mume ndiye huyo anacheka! Niliogopa jamani. Lakini kati ya kukosa adabu na kuzika mume, bora kukosa adabu. Nikapiga magoti, macho chini, kidole kwenye rimu:

“Munisamehe, Baba. Hii roue inapasuka. Rangi inaficha.”

Mzee akachukua kisu, akakwangua rangi. Ufa ulikuwa umeshaunganisha matundu.

Mzee akamwambia Kasongo, nami niko hapo hapo miguuni pao: “Umuambie bibi yako, aksanti.”

Kasongo akanigeukia: “Baba anasema aksanti.”

Bosi alinuna, maana rimu ya akiba ilikuwa nyeusi. Kasongo akamwambia ama nyeusi, ama aende peke yake. Wakaenda na nyeusi, wakamaliza wa mwisho.

Mnaofufua magari ya zamani, vueni tairi, kwangueni rangi hadi chuma, ndipo mpime. Na ukiona kutu, sema, hata kwa mtu usiyeruhusiwa kumsemesha.

Mwenye kisa cha rimu akiweke hapa, na mafundi nikosoeni.

Kasongo wangu alifariki mzee, kitandani kwake, akilalamika kwamba uji hauna sukari.