Fundi Bisibisi na Magari Mawili ya Umeme

Pale mtaani hakuna aliyenunua gari bila kwanza kumpitia Fundi Bisibisi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ya bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao aliyotembea nayo kwenye mfuko wa ovaroli kwa miaka thelathini na mbili. Mtu akileta gari analotaka kulinunua, Fundi alifungua boneti, akaamuru injini iwashwe, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Gereji nzima ilinyamaza. Hata wanyoosha bodi waliweka nyundo chini. Baada ya dakika moja alifumbua macho na kutoa hukumu: "Chukua," au, "Mrudishie mwenyewe, umwambie aache mchezo." Ikawa imetoka hiyo, haina rufaa.

Hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa sikio lake alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Kilichomkera siku hizi ni watu tu. Kila mtu anakula maneno! Wanafunzi wake wanamung'unya, mkewe anaongea huku amempa mgongo, redio zenyewe zimeharibika. Zamani watu walikuwa wanafungua midomo, alisema, na akaongeza sauti ya redio.

Sasa, dada yake mdogo alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa. Alikuwa amenunua magari matatu maishani, yote kwa neno la kaka. Hili la nne lilikuwa na uzito wa peke yake, maana lilikuwa la Mama. Mama yao alikuwa na miaka themanini kasoro miwili, na figo zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki dada alimpeleka hospitali kusafishwa damu, akaenda dukani, akarudi kumchukua. Gari lao la dizeli lilitetemeka na kunuka moshi, na kila safari ya kurudi Mama alitapika. Wiki mbili zilizopita alikuwa amesema, kwa utulivu kabisa, kwamba hospitali anaiweza ila lile gari limemshinda, na akilazimishwa tena kulipanda ataacha yote mawili. Dada alilia jikoni. Kesho yake akaanza kutafuta gari la umeme, tena la daraja la juu, lenye viti vya kumlaza mgonjwa na mwendo wa kuteleza.

"Kaka, nimebakiwa na mawili," alimwambia kwa simu. "La bluu na la kijivu. Njoo Jumamosi asubuhi. Ukishasema, nasaini palepale."

"Umeyaacha magari yote duniani ukachagua friji lenye magurudumu?"

"Kaka!"

"Haya, haya. Nakuja kulisikiliza friji lako."

Jumamosi alifika kwenye duka la magari akiwa amevaa shati la kutokea, bisibisi kwenye mfuko wa nyuma. Sakafu ilikuwa inang'aa kiasi kwamba alijifuta viatu mara mbili kabla ya kukanyaga. Mama alikuwa tayari amekaa kwenye kochi, mkoba mapajani, akimwangalia muuzaji kama anayemsubiri aseme uongo. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye suruali fupi ya vifundo nje. Alianza kueleza: la bluu ni refu kidogo, unaingia bila kuinama, na chaji moja inakwenda kilomita mia nne. La kijivu liko chini zaidi, linakwenda kilomita mia tano, na vitasa vyake vimejificha ndani ya mlango, vinachomoza ukisogea.

"Vinajificha vinaogopa nini?" Mama aliuliza.

Fundi hakuwa na muda na vitasa. Alikwenda mbele ya lile la bluu na kuagiza boneti ifunguliwe. Ilipofunguka alibaki mdomo wazi. Ndani mlikuwa na shimo safi lenye zulia jeusi na mfuko wa waya wa kuchajia.

"Injini iko wapi?"

"Hapa ni sehemu ya mizigo, mzee. Mota iko nyuma, chini kabisa, imefunikwa."

Alisimama na bisibisi mkononi, hana pa kuiweka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alijisikia mgeni mbele ya gari. Akairudisha mfukoni haraka kabla dada yake hajaona. "Twende barabarani," alisema. "Nitalisikiliza likitembea."

Wakaingia kwenye la bluu. Fundi alikaa mbele karibu na muuzaji, Mama na dada wakakaa nyuma. Gari liliondoka kama lililosukumwa na mkono wa mtu, na Fundi akashika dashibodi. Hakuna kutetemeka, hakuna gia, hakuna moshi. Walipita matuta ya barabarani na Mama hakushika hata mkoba wake. Fundi alifumba macho na kusikiliza kama alivyozoea. Hakusikia kitu. Muuzaji akaongeza mwendo. Hakusikia kitu. Moyo wake ukaanza kulainika kwa lile friji.

"Kaka," dada aliinama mbele karibu na bega lake, "huku nyuma naona kama kuna mlio fulani mwembamba..."

"Mlio gani? Gari limetulia kama maji ya mtungini! Umezoea kelele za dizeli, sasa ukimya unakupigia kelele."

Dada alicheka kidogo na kuegemea kiti. Mama alichungulia chini ya kiti chake. Muuzaji naye alikodolea macho barabara kana kwamba ndiyo anaiona leo.

Waliporudi, Fundi alitangaza katikati ya duka, mikono kiunoni, kwamba la kijivu halina haja hata ya kuwashwa. Mama ameingia kwenye la bluu bila kuinama na limekaa kimya kabisa. "Chukua la bluu," alisema. Dada akakaa mezani, muuzaji akaleta fomu, na Fundi akatoka uani kupunga upepo. Alijiona mtu. Dunia imebadilisha magari, lakini sikio limebaki sikio.

Alikuwa amesimama nyuma ya magari yaliyopangwa uani, uso kuelekea ukutani, akisoma bango la kuchaji, alipohisi kitu kimemgusa nyuma ya magoti. Aligeuka. Bampa ya gari jeupe ilikuwa imekaa pale, imeibusu suruali yake. Gari lilikuwa limejifunga breki lenyewe. Mwoshaji magari alichomoa kichwa dirishani, macho yamemtoka. Fundi aliruka nyuma akagonga ukuta, bisibisi ikaanguka kwenye sakafu.

"Muuaji!" alipiga kelele. "Gari gani hili la kunyemelea watu? Halina sauti hata chembe! Wekeni basi hata kengele! Mtaua watu na ufahari wenu!"

Watu walitoka ndani mbio, dada na kalamu mkononi, muuzaji, na Mama akijikongoja nyuma yao. Mwoshaji magari aliomba radhi palepale dirishani.

"Nisamehe mzee, nilijua utasogea. Linalia likirudi nyuma. Lilikuwa linalia muda wote."

"Linalia nini? Mwongo mkubwa! Lirudishe nyuma hapa mbele ya watu tulisikie!"

Mwoshaji alimwangalia muuzaji, muuzaji akatikisa kichwa kukubali. Gari jeupe lilisogea mbele, kisha likaanza kurudi polepole. Fundi alitega sikio la kulia. Akageuza, akatega la kushoto. "Mnaona?" alisema kwa ushindi. "Kimya!"

Aliwatazama mmoja mmoja na kuona kwamba hakuna anayelitazama gari. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Mwanangu," Mama alisema, na alikuja hadi mbele yake, akamshika mkono kabla ya kuendelea. "Linalia. Pi, pi, pi. Mpaka mimi na uzee wangu nimelisikia kutoka kwenye kochi."

Alidhani wanamfanyia utani. Alitafuta tabasamu kwenye uso wa dada yake asilione. Dada alikuwa ameweka mkono mdomoni. Gari lilikuwa bado linarudi nyuma, taa nyekundu zinawaka, na pale hewani, mahali ambapo kila mtu alikuwa anasikia kitu, yeye alikuwa na ukuta mtupu. Alijikuta amekaa juu ya tofali la kuzuia magari, na shati lake la kutokea.

Alishtuka mshtuko wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta hakuna nyumba. Yale ya nyuma yalianza kumjia bila kupiga hodi. Mkewe hakuwa ameanza kumung'unya. Wanafunzi wake hawakuwa wanakula maneno. Injini zilimfikia kupitia mpini, kwenye mfupa, zile sauti nzito za kugonga na kunguruma, ndiyo maana hakushtuka mapema. Milio myembamba ndiyo iliyomhama mmoja mmoja, bila kuaga, kwa miaka na miaka ya nyundo na mashine za kusaga chuma. Na yule dereva wa teksi! Alirudi gereji mara mbili akilalamika kwamba gurudumu la nyuma linalia, naye akamfukuza mbele ya watu: "Kinacholia ni masikio yako!" Watu walicheka sana siku ile. Sasa aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele. Lile gurudumu limefika wapi? Na limebeba nani?

Hapo ndipo alipoikumbuka fomu.

"Umesaini?" alimuuliza dada yake.

"Bado ukurasa mmoja. Kaka, tulia kwanza, unywe maji..."

"Usisaini!"

"Lakini umesema la bluu liko kimya."

"Nimesema hivyo kwa sababu sikusikia kitu." "Sisikii, mdogo wangu. Hukumu yangu haina thamani hata ya karatasi hiyo. Ule mlio uliousema ndani ya gari, uliusikia kweli?"

Dada alitazama chini. "Niliusikia. Lakini uliposema hakuna, nikajua ni mimi."

"Mama?"

"Niliusikia toka tunatoka getini," alisema Mama. "Chini ya kiti changu, upande wa kulia. Nikasema, kama yeye hausikii, basi utakuwa uko kichwani mwangu. Si wanasema figo hupanda kichwani?"

Fundi aliwatazama wanawake wale wawili. Mmoja alisomea dawa miaka mitano, mwingine alimzaa yeye mwenyewe, na wote wawili walikuwa wameyakana masikio yao mazima kwa ajili ya masikio yake mabovu. Hilo lilimpiga kuliko bampa. Alitamani kulia, na hakujizuia sana.

"Mlio wenyewe uko vipi?" aliuliza alipojifuta uso. "Nielezeni kama mnamweleza mtoto. Unakatika au unaendelea? Ukiongeza mwendo unafanya nini?"

"Unaendelea," alisema dada. "Mwendo ukipanda na wenyewe unapanda, unazidi kuwa mwembamba."

"Akiachia mafuta..." alijikosoa. "Akiachia mwendo?"

"Unashuka nao."

"Kwenye tuta?"

"Palepale, haubadiliki," alidakia Mama, ambaye alikuwa ameanza kuifurahia kazi hii.

"Basi si tairi, si breki. Ni beringi ya mota, gololi zake zimekwisha." Alimgeukia muuzaji. "Na wewe ulikuwa umekaa nami mle ndani. Una masikio?"

Muuzaji alipiga chafya ya uongo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo Fundi ilibidi amwangalie midomo ili aipate, kwamba mteja mwingine alililalamikia gari hilo wiki iliyopita, na kwamba wao walikuwa wanasubiri kulichunguza. Jingine la bluu litafika baada ya miezi mitano.

"Miezi mitano?" alisema Mama. "Mwanangu, mimi sinunui gari la kwenda arusini. Miezi mitano kwangu ni mingi."

Dada alimshika Mama bega. Fundi aliinuka, akajipangusa vumbi, akamwambia muuzaji awashe la kijivu.

Safari hii alimpisha dada yake mbele, yeye akakaa nyuma na Mama. Kumwingiza Mama kulichukua muda, maana kiti kilikuwa chini. Fundi alipiga goti kwenye lami akamshika miguu, mmoja kisha mwingine, huku vile vitasa vikichomoza na kujificha na Mama akivisonya. Wakatoka getini. Mwendo ulipanda. Wakapita matuta, wakaingia barabara kuu, wakafika kasi ambayo lile la dizeli lingekuwa limeshamtapisha Mama.

Fundi hakufumba macho. Angefumba ili asikie nini? Aliyafungua wazi, akajipinda kwenye kiti mpaka mkanda ukamkaba shingo, ili aione midomo ya dada yake kwenye kioo cha mbele na ya Mama ubavuni pake. Miaka thelathini na mbili alikuwa ameulizwa swali moja na watu wote. Sasa alilitoa yeye, na sauti yake ilitetemeka kama ya mteja.

"Hili je? Linasemaje?"

Dada alifungua mdomo kujibu. Mama aliinua kidole kumzuia, akainamisha kichwa na kusikiliza kwa muda mrefu, mpaka Fundi akaanza kuogopa. Kisha akamgeukia mwanawe uso kwa uso na kuyatamka maneno moja moja, midomo wazi, kama alivyomfundisha kusema.

"Liko kimya, baba. Hili liko kimya kweli."

Fundi alimtazama midomo hadi ilipofunga, akamgeukia dada yake.

"Mama amesema chukua."