Nambari Aliyoisoma Bi Mwanakuu

Mimi naitwa Zakariya, bawabu wa chumba cha mashine katika kampuni moja ya mizigo hapa Mbaraki, upande wa bandarini. Walinzi wenzangu wa getini husema kazi yangu ni kukaa kitini na kupunga baridi inayopita chini ya mlango. Si uongo sana. Lakini hakuna anayeingia chumbani humo bila kuandika jina kwenye daftari langu na kutia sahihi, hata awe meneja. Kwa hiyo nikisema namjua Bi Mwanakuu, namjua. Nimemfungulia mlango ule miaka kumi na mmoja.

Bi Mwanakuu ni mwenyeji wa Kibokoni, Mji wa Kale, mtu wa miaka hamsini na minne. Babake alikuwa fundi wa redio, na yeye alijifunza ufundi kwa kukaa karibu na babake, watoto wengine wakiwa nje wanacheza. Siku hizi ni fundi wa seva, yaani zile kompyuta kubwa zisizo na kioo, zinazolala kabatini na kuendesha kazi ya kampuni nzima. Wageni wakiambiwa fundi yuaja, humtarajia mwanamume mwenye mkoba na suruali ya kubana. Akiingia yeye na buibui lake na kikapu cha ukindu, hudhani amekuja kuulizia kontena la mwanawe. Mimi huwaacha wadhani hivyo kwa dakika mbili tatu, kwa raha zangu.

Kazi yake huanzia mlangoni kwangu. Kwanza huvua buibui na kulikunja, kwa sababu kitambaa chake kikisuguana katika ile baridi kavu hutoa umeme mdogo usioonekana, na umeme huo waweza kuua kipande cha mashine bila mtu kujua. Ndani huwa amevaa dera la pamba na leso kichwani. Kisha huvua bangili zake sita za dhahabu, moja moja, akazitia kwenye kibati cha halua na kunikabidhi. Dhahabu hupitisha umeme vizuri kupita kiasi, husema, na yeye hataki kufa akiwa amependeza.

Akishaingia haharakishi. Mashine inayotakiwa kufunguliwa lazima izimwe kwa amri ya kompyuta kwanza, na wenye kuitumia wawe wameambiwa. Halafu huzunguka nyuma ya kabati. Kila mashine ina nyaya mbili za umeme, na kila waya una njia yake, ili mmoja ukikatika mwingine uendelee. Yeye huchomoa wa kwanza, akasubiri, akasikiliza. Huchomoa wa pili. Hubonyeza kitufe cha kuwashia mashine ilhali haina umeme, ili mabaki yaliyomo yamwagike. Huvaa ukanda mkononi, akaufunga kwenye chuma cha kabati, akapiga bismillahi, ndipo akafunua kifuniko. Nimeona mafundi wengine wakifanya hayo yote kwa dakika mbili. Yeye huchukua ishirini, na katika miaka kumi na mmoja sijamwona akiunguza kitu.

Lakini sharti lake kubwa lilikuwa la watu wawili. Fundi husoma kwa sauti nambari iliyobandikwa mgongoni mwa mashine, na mwenzake mwenye karatasi ya kazi hulinganisha, akajibu. Bila jibu, waya hauguswi. Sharti hilo alilileta yeye mwenyewe, na ndilo alilomfundisha Odera.

Odera ni fundi mwenzake, baba wa watoto wawili, mtu wa Homa Bay anayeishi Likoni na kuvuka Feri kila siku. Ana shahada ya kompyuta, na adabu yake ni ile ya kumfanya mtu asimame mvuani akingoja mkubwa apite mlangoni. Humwita Bi Mwanakuu mama, na hakuna hata siku moja niliyomsikia akimpinga kwa neno.

Sasa niseme linalonikera. Mwezi wa Shaaban Bi Mwanakuu alitia sahihi daftarini kwenye mstari wa juzi. Nikadhani ni haraka, ingawa yeye na haraka ni watu wasiojuana. Wiki iliyofuata akatia sahihi pambizoni, nje ya mistari kabisa. Nilitazama macho yake, yakawa yananitazama karibu na sikio. Nilielewa. Badala ya kumwambia, nikaanza kuweka kidole changu pale pa kutia sahihi, naye akawa anaandika ubavuni mwa kidole. Tulifanya hivyo Ramadhani nzima, ikapita Idi. Nilijiona muungwana.

Ndani ya chumba nako alikuwa na ujanja wake. Mashine zetu kubwa ni mbili, na alizijua kwa moyo: ya juu nambari yake yaishia arobaini na saba, ya chini yaishia arobaini na moja. Alikuwa akiinama, akakitazama kibandiko mgongoni mwa mashine, akataja nambari ambayo kumbe aliitoa kichwani. Odera akajibu ndiyo, kwa kuwa ilikuwa ndiyo.

Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, alifiwa na shangazi yake, akakaa matangani siku saba. Katika siku hizo kipoza hewa kilianza kumwaga maji sakafuni, yakaingia chini ya kabati, na Odera pamoja na mafundi wa kipoza hewa wakazibadilisha mashine mahali, ile yenye kazi nyingi ikapandishwa juu ambako maji hayafiki. Mimi niliyaandika hayo daftarini. Bi Mwanakuu aliporudi nilimfungulia ukurasa, akainama, akasema, "Haya, nimeona," akatia sahihi kando ya kidole changu. Hakuwa ameona kitu.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, ile ya arobaini na saba ilitakiwa kufunguliwa, kadi yake moja ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika. Ile ya arobaini na moja ilikuwa kazini. Ndiyo iliyokuwa ikitoa karatasi za getini, na siku hiyo malori yalijipanga kutoka getini hadi kona ya barabara, madereva wakinunua chai na mahamri. Mashine hiyo ikizimika ghafla, hakuna lori linalotoka, na karatasi zilizokuwa zikiandikwa hupotea. Odera aliizima ya arobaini na saba kwa amri, tukazunguka nyuma ya kabati, mimi nikiwa nimeshika tochi kwa sababu kule ni giza.

Bi Mwanakuu aliinama mbele ya mashine ya juu. "Arobaini na saba," akasema.

Nilimtazama Odera. Alikuwa na karatasi mkononi na macho yake yalikuwa kwenye nambari. Nami nilikumbuka yale mabadiliko, maana mkono ulioyaandika ni huu, lakini nikajiambia mwenye karatasi ni Odera. Ilipita kama nusu dakika.

"Ndiyo, mama," Odera akasema.

Bi Mwanakuu akachomoa waya wa kwanza.

Mashine ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kukatakata. Yeye hakushtuka. Alipeleka mkono wake nyuma ya mashine, kwenye matundu ya feni, akauweka pale. Upepo wa moto ulikuwa ukipuliza vidole vyake. Mashine iliyozimwa haipulizi. Aliurudisha waya mahali pake, akausukuma mpaka ukaingia barabara, mlio ukakoma. Ule waya wa pili ulikuwa umeibeba mashine muda wote huo. Huko nje hakuna dereva aliyejua lolote.

Akakaa chini, juu ya sanduku la vifaa. "Odera, nambari hii ni ngapi?"

"Arobaini na moja, mama."

"Uliiona kabla?"

"Niliiona."

"Na ukanambia ndiyo."

Odera akaikunja ile karatasi. "Nilifikiri labda una sababu yako. Wewe ndiwe uliyenifundisha kazi hii. Ningekuambiaje umekosea, tena mbele ya mzee Zakariya?"

Bi Mwanakuu hakupaza sauti. "Mimi sikukufundisha useme ndiyo. Nalikufundisha utizame." Kisha akagusa jicho lake, akasema, "Lakini kosa ni langu. Sikuisoma ile nambari. Mato yangu hayasomi tena, mwanangu. Yapata miezi sasa."

Alimwagiza Odera aifungue ya chini yeye mwenyewe, kwa utaratibu ule ule, naye akakaa pale pale sandukuni akisikiliza. Kadi ilibadilishwa, mashine ikawashwa, ikafanya kazi. Tulipotoka akaniambia niandike daftarini. Mimi, kwa ule uungwana wangu, nikauliza kama niandike kwamba waya ulilegea.

"Andika fundi alichomoa waya wa mashine siyo, kwa kuwa hakuiona nambari," akasema. "Na uandike ina langu."

Nikaandika. Na jina lake nikalitia, hati ikatoka mbaya.

Alilichukua daftari lenyewe akaenda nalo kwa meneja, Khairiya, ambaye ni rika la bintiye na nyumba zao zatazamana kule Kibokoni. Khairiya alilia, lakini alifanya linalopasa: Bi Mwanakuu asiguse mashine mpaka atibiwe na daktari aandike kwamba anaona. Bi Mwanakuu akamwambia ameamua vizuri. Alipokuja kuchukua bangili zake, alizivaa kwa kupapasa, akaangusha moja, nami nikaiokota. Nilimjua kwa miaka kumi na mmoja na sijapata kumwona mnyonge kama siku ile. Kazi ile alikuwa akiipenda kuliko watu wengi wanavyopenda nyumba zao.

Alikuwa nje wiki saba. Odera alifanya kazi zote, na kila alipotakiwa kuchomoa waya alimwita Khairiya aje asome nambari. Siku moja Khairiya alikosea tarakimu kwa kuharakisha, na Odera akamwambia, "Siyo hiyo, meneja," kwa sauti ndogo kama anayeomba msamaha. Nilimpa pongezi, akanuna kana kwamba nimemkumbusha ile Jumatatu.

Bi Mwanakuu alirudi Jumatano asubuhi, ana miwani mipya na barua ya daktari. Alinisabahi kwa utulivu, nikamsabahi, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha akaniambia habari za macho. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, amepasuliwa, na sasa linaona hata vumbi lililo mezani kwangu, akanionyesha. Daktari amemruhusu afanye kazi kwa jicho hilo. La kushoto lilikuwa na presha ya jicho, ile inayokula mwanga kidogo kidogo bila maumivu. Hilo halikupasuliwa.

"Hilo limekwenda," akasema. "Daktari yuasema ningalikwenda kabla ya Ramadhani, angaliliokoa. Hata nusu yake. Lakini mimi nalidhani ni uzee tu. Kazini hakuna aliyenambia nakosea, kila mtu alinambia sawa, nami nikaona kweli ni sawa."

Alisema hayo bila kinyongo, akichukua kalamu. Ningeweza kunyamaza. Hakuwa ameniuliza, wala hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Meneja hajui, Odera hajui. Adabu zote nilizolelewa nazo kule Majengo zilikuwa zikiniambia nisimtie mtu uchungu asubuhi yote hii, na kalamu yake mkononi.

"Mimi nilijua, Bi Mwanakuu," nikasema. "Nilijua tangu Shaaban. Nilikuwa nikikuwekea kidole."

Aliinua uso. Nilitaka anitazame karibu na sikio kama zamani, lakini jicho lake la kulia lilinitazama sawasawa.

"Shaaban," akasema.

"Mwanzoni mwa Shaaban."

Nikaona midomo yake ikihesabu. Shaaban, Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, ningeshukuru. Nilisema naomba radhi, nikasema tena, sauti yangu ikanitoka vibaya na machozi yakanilengalenga, mzee mzima kitini.

Bi Mwanakuu aliinama juu ya daftari. Safari hii alitafuta mstari mwenyewe, akaupata, akaandika jina lake lote juu yake, pole pole. Akavua buibui, akalikunja. Akazitoa bangili, moja moja, akaziacha mezani mbele yangu, hakuzitia kibatini wala kunikabidhi kama zamani.

"Nifungulie mlango, Zakariya," akasema. "Odera yuaningoja."

Nikamfungulia.