Chuma cha Kushikia cha Upande wa Kushoto

Kichwa kile cha treni nilipewa na mzee mmoja wa Nanyuki aliyekuwa akifungasha vitu vyake kurudi kwao Ulaya. Kilikuwa cha kuchezea, kirefu kidogo kuliko kiganja changu, mfano wa injini za dizeli zilizopita Karatina na Kiganjo nikiwa mwanafunzi. Magurudumu yalikuwa na kutu, mota imeungua, taa hazipo. Nilikuwa nimestaafu ualimu majuzi tu, na mke wangu akafurahi kwamba nimepata kitu cha kunitoa sebuleni.

Nilikitengeneza miezi mitano katika chumba cha nyuma ya nyumba yetu, hapa Nyeri. Mota niliing'oa kwenye redio kaseti mbovu. Vyuma vya kushikia mtu anapopanda, vilivyochorwa mbele na ubavuni, nilivikwangua, nikaweka vya kweli, vya waya wa gitaa. Kila niliposhindwa na jambo nilimpigia simu mjomba wangu wa Giakanja, kaka mdogo wa mama, aliyeendesha treni njia hiyo hadi alipostaafu. Aliniambia rangi, namba ya injini yake, na hata mahali mafuta yalipokuwa yakichuruzika. Alijibu kila kitu kwa furaha.

Injini ilipokamilika, nilimleta mjomba Jumamosi moja aione. Alivua kofia, akaiinua injini hadi karibu na macho.

"Mwalimu, ni yenyewe," akasema. Kisha kidole chake kikatua mbele. "Lakini hii imenyooka sana."

"Ipi, mjomba?"

"Hii chuma ya kushikia, ya kushoto. Yangu ilikuwa imepinda."

Nikamwuliza ilipindwa na nini. Akairudisha injini mezani taratibu.

"Mama mmoja," akasema. "Karibu na Kiganjo, asubuhi. Alikuwa amebeba nyasi ya ng'ombe, kamba kichwani, ameinama hivi. Nilipiga honi, nikafunga breki. Treni haisimami kama gari."

Miaka yote hiyo, kwenye harusi na matanga ya ukoo, hakuwahi kutaja jambo hilo.

"Injini ilioshwa, ikarudi kazini. Hiyo chuma hakuna mtu alinyoosha. Kila siku nilikuwa naipita nikipanda." Akanisukumia koleo. "Pinda."

Nikapinda kidogo.

"Zaidi. Hapana, kwa ndani." Nikaigeuza koleo. "Hapo. Sasa washa."

Injini ikaanza kuzunguka kwenye reli nilizozipigilia juu ya ubao, taa yake ikiwaka. Mjomba aliifuata kwa macho, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. Mzunguko wa tatu akasema, "Simamisha." Nilichelewa kuipata swichi. Akauweka mkono wake juu ya reli. Injini ikaugonga, ikakwama pale, magurudumu yakiendelea kuzunguka hadi nilipokata umeme. Hakuuondoa mkono.

Nilipokuwa nikimrudisha nyumbani, aliniomba tupitie Kiganjo kwanza. Tuliacha gari barabarani, tukatembea kando ya reli mpaka mahali penye mteremko mdogo. Hapakuwa na alama yoyote. Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi shambani aliinuka na kutusalimia.

"Mmepoteza kitu?" akauliza.

Mjomba alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama," nikamjibu mimi. "Tunaangalia tu." Akafunga mzigo wake, akauinua mgongoni, akaelekea kwenye reli. Mjomba alinishika mkono akafinya kwa nguvu. Aligeuza shingo, akatazama kushoto, akatazama kulia, reli tupu pande zote mbili, na hakuniachia hadi mwanamke alipofika ng'ambo.

Alipofika kwake aliniambia nisalimie nyumbani, akaingia ndani. Tangu siku hiyo tunapigiana simu kama kawaida, lakini habari za injini haulizi, nami simkumbushi.

Bado ninayo. Rangi imetulia vizuri, na wageni huisifu. Ila siku hizi nikiiwasha, najikuta siiangalii. Naangalia reli iliyo mbele yake.