Soja wa Posho Mill na Sahani ya Mbwa

Huyu soja anayelinda posho mill ya kusaga mahindi hapa mtaa wa Tuwan haogopi mwizi, lakini akisikia pikipiki ya daktari wa mifugo, rungu inamtoka mkononi. Mbwa yake imezeeka, imevimba tumbo, inalia pole pole mchana kutwa. Daktari alimwambia, "Mzee, siku itakataa kula, hiyo ndio siku ya sindano ya kuilaza milele." Sasa kila asubuhi anafinya ugali na omena, zile samaki ndogo, anaipelekea mdomoni na vidole, anaibembeleza, "Kula, mama. Kidogo tu."

Jana nilimkuta amechuchumaa nyuma ya magunia. Mbwa imegeuza uso, na ni soja mwenyewe anakula hiyo ugali ya mbwa mbio mbio, mpaka akaramba sahani. Nilishikwa na hasira. "Si unaona inaumia, bana!" Pikipiki ikazima hapo nje.

"Imekula?" daktari akauliza.

"Yote," soja akasema, omena imemshika kwa ndevu.

Daktari akaniangalia mimi. Soja pia akaniangalia. Mbwa ikalia tena. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

"Imekula," nikasema.