Siku ya Kupinda Waya

Enzi za Mjerumani hakuna kitu kilichowahi kunitisha kama waya. Mume wangu alikuwa mhunzi, nami ndiye niliyemvutia shaba. Tulinunua waya mnene kwa mfanyabiashara wa Mpwapwa, tukaupitisha ukiwa baridi kwenye chuma chenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, hadi ukawa mwembamba wa kusukia bangili. Kadiri ulivyovutwa ndivyo ulivyokuwa mgumu. Mume wangu alisema ndani ya shaba mna punje. Ukiivuta zinalala kwa urefu, zinabanana, zinakosa pa kusogea. Moto ndio unaozilegeza zikajipanga upya.

Basi mtu akakata waya wa simu kule Gulwe. Askari wakazunguka nyumba za wahunzi wakipinda waya. Ukibaki umepinda, ni wa dukani. Ukiruka kunyooka, ni wa simu, na mwenyewe ale viboko. Akili ni nywele, na hao walikuwa wamenyolewa.

Walipofika kwetu, waya wetu ulikuwa bado haujarudishwa motoni. Ukaruka. Mume wangu akafungwa mikono, akalazwa kifudifudi.

"Bwana mkubwa," nikasema, "unakuwa mgumu kwa kuvutwa. Nipe wowote wa dukani nikuoneshe."

Mkubwa wao akacheka, wenzake nao wakacheka. Akatoa mkobani waya aliomnunulia mkewe, laini kabisa.

"Vuta. Ukibaki laini, mtalala wote wawili. Ukikatika, vilevile."

Nikaichonga ncha yake kwa nyundo, nikaibana kwa koleo. Tundu la kwanza. La pili. Jasho liliniingia machoni. Niliogopa kuvuta, nikaogopa kuacha. Kwenye tundu la nne waya ukalia, nikajua nikiuvuta tena utakatika. Nikampa.

Akaupinda, ukaruka. Akaupinda tena, ukaruka.

Akaamuru mume wangu afunguliwe. Nililia mbele yao bila haya. Yeye alibaki akiuangalia ule waya kiganjani, nami nikadhani anaihurumia zawadi ya mkewe. Nikamwambia asijali, moto utaulainisha.

"Mhunzi wa jana naye alisema unakuwa mgumu kwa kuvutwa," akasema. "Tulimcheka."